Jibu: Mtaro na taa za mtaani Malindi, twende kwa nani?

Ndugu, umeuliza kama CDF ya mbunge, yaani hazina ya maendeleo ya jimbo, inaweza kuwajengea mtaro na taa hapo Maweni. Mtazungushwa bure. Hazina ile ni ya kazi za serikali kuu: madarasa, basari, vituo vya polisi. Mitaro, taa za barabarani na taka, Katiba ya Kenya ya 2010 iliwapa kaunti, kwa hiyo bisheni hodi serikali ya kaunti ya Kilifi kupitia MCA wenu, mwakilishi wa wadi.

Ila wahini. Makadirio ya bajeti hufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Mkienda Juni mmechelewa. Andikeni memoranda, yaani ombi la maandishi, inayotaja mtaro uanzie wapi na umwage wapi, maana "mtaa uboreshwe" hakuna fundi atakayeipimia bei. Nakala yenu igongwe muhuri wa kupokewa. Ahadi za barazani mimi sizihesabu.