Lincoln alivyotoka uwakili wa mji mdogo mpaka ubunge

Mdogo wangu, umeuliza Abraham Lincoln, yule aliyekuja kuwa rais wa Marekani, aliwezaje kuwa wakili bila chuo halafu akaingia Bunge la Marekani. Vitabu vya sheria aliazima akajisomea mwenyewe, leseni kapata 1836, mwaka uliofuata akahamia Springfield, Illinois, wakati huo kamji tu. Ila ubunge haukutoka kwenye vitabu, ulitoka kwenye zile safari za mahakama, maana jaji na mawakili walizunguka kaunti kwa kaunti na farasi, usiku wanabanana vitandani kwenye nyumba za wageni, mchana Lincoln anatetea kesi za madeni, makaratasi kayachomeka ndani ya kofia yake ndefu, mpaka watu wote huko wanamjua sura. Na bado 1843 chama chake cha Whig kilimpitisha mwenzao Hardin agombee ubunge, akafuata mwingine, Baker, Lincoln mwenyewe kashinda 1846. Alikaa kipindi kimoja tu, akambana Rais Polk aonyeshe ni wapi hasa damu ya Wamarekani ilimwagika kabla ya vita na Mexico, nyumbani wengi wakanuna. 1849 karudi kwenye kesi zake. Kwa hiyo kama uko siriasi kugombea, ofisi usifunge, mwachie mwenzako aendeshe, yeye alimwachia Herndon, wakili mwenzake wa ofisini.