Mshambulizi yuko ng'ambo: niripoti wapi?

SWALI: Tuna kampuni ndogo ya kuhudumia watalii. Jumatatu asubuhi tulikuta faili zote za seva zimefungwa na ujumbe unaodai tulipe kwa bitcoin. Fundi anasema anwani ya IP (nambari inayotambulisha mashine kwenye mtandao) iliyoingia ni ya Uholanzi. Tuwaandikie polisi wa huko? — Msomaji, Mombasa

JIBU: Msianze na Uholanzi. Anwani ya IP huonyesha seva ya mwisho iliyopitiwa, si kiti alichokalia mshambulizi. Mtu yeyote, popote alipo, anaweza kukodi mashine iliyoko Amsterdam. Kwa hiyo andikeni "shambulizi lilipitia anwani hii" na muishie hapo. Kompyuta iliyoumizwa iko Kenya, na ripoti inaanzia Kenya.

Kabla ya kutoka ofisini, chomoeni waya wa mtandao na mzime Wi-Fi, lakini seva yenyewe iacheni ikiwaka. Ikizimwa, yaliyomo kwenye RAM (hifadhi ya muda ya kompyuta) hupotea, na pengine ufunguo wa kufungulia faili ulikuwa humo. Fundi asipige fomati hata kama wateja wanasubiri. Kesi nyingine hufia hapo. Nakilini kumbukumbu za matukio (logi) za ruta, za ngome ya mtandao (firewall) na za huduma ya kuingia kwa mbali kwenye diski mpya. Chukueni alama ya SHA-256 ya kila faili (msimbo unaoonyesha kama faili imebadilishwa), mwandike nani alinakili na saa ngapi. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti kwa ushahidi wa kielektroniki, na maelezo hayo ndiyo yatakayokijaza. Hifadhini pia ujumbe wa wadai fidia, anwani yao ya bitcoin ikiwa maandishi (si picha tu), na faili moja au mbili zilizofungwa.

Saa ndiyo huharibu ripoti nyingi. Tukio la saa mbili usiku na dakika 14 na sekunde 7 liandikwe 20:14:07, UTC+3 (saa za Afrika Mashariki). Ukiandika 2:14, mpelelezi wa nje atatafuta muda ulio mbali na tukio. Ongezeni nambari ya poti ya chanzo (nambari ya mlango ambao muunganisho ulitokea). Anwani moja ya IP huweza kutumiwa na wateja wengi kwa wakati mmoja, na bila poti mwenye mtandao hawezi kujua ni yupi.

Sasa nendeni kituo cha polisi mpate nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), kisha muombe suala lifike kwa wapelelezi wa makosa ya mtandao wa DCI (Idara ya Upelelezi wa Jinai). Siku hiyo hiyo ripotini KE-CIRT, kikosi cha kitaifa cha kushughulikia mashambulizi ya mtandao kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Hao hutoa msaada wa kiufundi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2018 inataka Kamati ya Kitaifa ya Uratibu wa Kompyuta na Makosa ya Mtandao, NC4, ijulishwe ndani ya saa 24. Kama nakala za pasipoti za wageni zilikuwemo, mpeni taarifa Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu mlipojua.

Kampuni iliyokodisha ile seva inaweza kufuta kumbukumbu zake mapema. Iandikieni kwa anwani ya malalamiko iliyo kwenye rejista ya RIPE (shirika linalogawa anwani za IP Ulaya), mkiomba izihifadhi. Jina la mteja haitawapa ninyi. Hilo huombwa kati ya serikali na serikali chini ya Sheria ya Kusaidiana Kisheria ya 2011, na huenda likachukua miezi.

Kabla ya kufikiria kulipa, pelekeni faili moja iliyofungwa kwenye No More Ransom, mradi ulioanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama. Baadhi ya kufuli zina funguo za bure pale. Chagueni faili isiyo na siri za wateja.

SWALI: Naweza kuripoti Interpol moja kwa moja? Na kuna aliyewahi kukamatwa kweli? — Msomaji, Thika

JIBU: Interpol haipokei malalamiko ya mtu binafsi, hupitia ofisi yake ya kitaifa, ambayo kwa Kenya iko Nairobi. Kuhusu kukamatwa: Julai 2023 eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilielemewa na shambulizi, na kundi la wadukuzi la Anonymous Sudan likatangaza kuwa ndilo lililofanya. Machi 2024 FBI ilitwaa mitambo ya kundi hilo, na Oktoba mwaka huo waendesha mashtaka wa Marekani wakatangaza mashtaka dhidi ya ndugu wawili Wasudani. Kundi moja hushambulia nchi nyingi, kwa hiyo anwani na saa ulizoziandika vizuri zinaweza kuoana na jalada la nchi nyingine. Ukipata taarifa mpya, iongeze kwenye nambari ile ile ya OB badala ya kufungua nyingine.