Kwa binti wa Igoma anayetaka kusomea uigizaji

Juzi nilipokea ujumbe wa binti wa Igoma, Mwanza, aliyechaguliwa kusomea sanaa za maonyesho chuo kikuu. Aliniandikia hivi: "Shikamoo dada. Baba anasema uigizaji si masomo, na mimi mwenyewe naogopa kwa sababu Kiswahili changu kina Usukuma mwingi." La baba nitalirudia. Hilo la pili ndilo lililoninyima usingizi, kwa kuwa hofu hiyo niliibeba miaka miwili mizima na hakuna aliyenisaidia kuitua.

Nimezaliwa Kisesa, jirani na Bujora. Kisukuma hakina sauti ya r, hivyo tangu utotoni nilisema "lafiki" na "habali" bila kujua kwamba kuna atakayenicheka. Katika mtihani wa sauti wa mwaka wa kwanza nilipewa hotuba ya malkia anayewaaga raia wake, na neno "raia" lilijirudia mara saba. Kila nilipotamka "laia" darasa liliangua kicheko, na mhadhiri, badala ya kuwanyamazisha, akatangaza mbele ya wote kwamba malkia wa namna hiyo angefaa kuuza dagaa kwenye soko la samaki la Mwaloni. Nilipata alama 31 kati ya 100. Imepita miaka tisa na bado naikumbuka rangi ya shati alilovaa.

Nikaamua kujificha. Niliiga matamshi ya wenzangu wa Dar es Salaam, nikawa natamka kila neno kama mtu anayepita kwenye miiba, na sauti ikasinyaa hata waliokaa mstari wa tatu hawakunisikia. Mwaka wa pili wote niliigiza watumishi wanaoleta maji jukwaani na kuondoka.

Aliyenikwamua ni mjomba wangu, mcheza bugobogobo, ile ngoma ya wakulima ambayo wachezaji hurusha majembe hewani na kuyadaka huku wakiimba. Wakati wa likizo alinikabidhi jembe, nami nikaliangusha mara kadhaa, mikono ikitetemeka. Akaniweka kiganja mgongoni, akagundua kwamba nimebana pumzi. "Mpwa wangu, jembe likipanda vuta pumzi, likishuka imba." Tulirudia hivyo wiki tatu, viganja vikatoka malengelenge, mpaka siku moja wimbo ukatoka tumboni wenyewe na majirani wakageuka kutazama. Hicho ndicho tulichofundishwa darasani kwa jina la kupumua kwa kiwambo, yaani ule msuli ulio chini ya mapafu. Nilikuwa nimekiandika daftarini tangu muhula wa kwanza bila kukielewa.

Tangu hapo niliacha kuiona Kisesa kama kitu cha kufichwa. Niliyatafakari upya mashindano ya ngoma ya Bulabo niliyoyatazama utotoni kila Juni pale Bujora, ambako Bagika na Bagalu, makundi mawili hasimu ya ngoma za Wasukuma, hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni kundi lililovuta watu wengi zaidi. Mtazamaji akichoka, anahamia upande wa pili mbele ya macho yako. Sijapata kukutana na mtihani wa uigizaji mkali kuliko huo, na mwanafunzi aliyekulia karibu nao amefika chuoni akiwa na akiba kubwa, hata kama hakuna anayemwambia.

Sikusema usijifunze r. Nilijifunza kwa miezi minne, kila alfajiri dakika 20 kabla ya vipindi, ncha ya ulimi ikigonga nyuma ya meno ya juu, kwa sababu mwigizaji lazima aweze kutamka kama mhusika anavyotaka. Lakini kuongeza sauti nyingine kinywani si sawa na kuitupa ya kwanza. Fanya mazoezi ya pumzi kila siku, soma tamthilia kwa sauti na si kwa macho tu, na asiwepo mtu wa kukuaminisha kwamba lugha ya mama yako ni uchafu wa kusafishwa kabla ya kupanda jukwaani. Mwaka wa tatu nilipewa mhusika mkuu. Hadhira ilisimama, nami nilistahili.

Tena, ndugu zangu wa kanda ya ziwa, tuache kudhani kwamba elimu hii ni ya watu wa pwani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Profesa Penina Mlama na wenzake kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifika Malya, wilayani Kwimba, wakawashirikisha wanakijiji kuyajadili matatizo yao wenyewe kwa ngoma na maigizo. Kazi hiyo inasomwa madarasani hadi leo. Wasomi walitufuata huku kwetu, ilhali sisi tunawaonea aibu wajomba zetu!

Sasa kuhusu baba. Mdogo wangu, usibishane naye. Jumapili ijayo baada ya misa nitafika Igoma kumsalimia, na nitamweleza kwa heshima kwamba maigizo ya elimu ya afya ninayoyafanya vijijini ndiyo yaliyoezeka nyumba ya mama. Wewe niandalie hotuba moja yenye r nyingi, tuanze siku hiyo hiyo.