Mita kwenye goti, nyinyi mnaoanza fizio nisikilizeni kidogo

Nyinyi mliokuja atachimenti huku Malindi, naona mkipewa ile mita ya kupima ngozi yazuia umeme kiasi gani (ukinzani) mwafurahi, mwadhani mtaiona ligamenti ya goti, ile kamba ishikayo mifupa pamoja, ikipona. Ligamenti haionekani hapo jamani, mita yasoma ngozi na jasho basi. Ngozi kavu yaweza kufika omu (kipimo cha ukinzani) laki moja na kupita, ikilowa yashuka hadi elfu moja hivi, na goti ni lile lile.

Mimi nishaaibika. Kijana mmoja mcheza mpira, ACL, ligamenti ya ndani ya goti, ilimkatika akafanyiwa opresheni, wiki ya sita akaja nikaweka elektrodi, zile pedi za mita, pembeni mwa pia ya goti, namba iko juu ajabu, mguu usioumia iko chini, mimi huyoo naandika eti neva zimekufa, karatasi yajaa. Kumshika mguu kidole kikateleza. Namuuliza umepaka nini, aniambia "si mimi dakta, ni nyanya, kila asubuhi anikanda na mafuta ya nazi." Nikaichana karatasi kimya kimya.

Kwa hivyo miguu yote miwili ioshwe kwa sabuni, ikauke, mtu akae robo saa chini ya feni. Hasa mwezi wa tatu, kaskazi ishalegea na mvua haijaja, mtu akishuka boda jasho lamtiririka mpaka visiginoni, ukimpima hapo hapo utasema amepona ghafla. Pima goti zima kwanza halafu bovu, mahali pamoja, pedi aina moja, na uandike saa na kama alikuja kwa miguu. Usimpime katoka mazoezini, wala akiwa na maumivu au hofu, hofu peke yake yatoa jasho na namba yashuka.

Na ya kurudi uwanjani msiulize mita kabisa, pimeni nguvu za paja mlinganishe na mguu wa pili, zifike asilimia 90 hivi, na wengi twawazuia mpaka miezi 9. Hapo kijana atakununia, mwache anune.

Mita nimeiona yafaa sehemu moja, chini ya pia ya goti upande wa nje wa kovu. Daktari akivuna kano ya kupandikiza mahali pa ACL, tawi dogo la neva ya safena, ile ya kuhisi ngozi ya hapo, mara nyingi hukatika, mgonjwa akwambia hapo ukimgusa ni kama wamgusa juu ya nguo. Neva hiyo hiyo ndiyo hupeleka amri ya jasho, kwa hivyo kile kiraka hubaki kikavu na namba yapanda hata akiwa ameoga vizuri. Kichoreni kwa kalamu ya wino, mrudie kila baada ya wiki kadhaa muone kama chapungua, na taulo ya moto msiiweke hapo, ataungua na hahisi.

Yule kijana nilimchorea duara kama yai la kuku. Nyanya yake alikuja naye safari iliyofuata, akaliangalia weee, akaniuliza, "sasa mwanangu, hapa ndani nipake ama nizunguke?" Nikamwambia bibi paka popote, ila siku za kliniki ngoja jioni.