Jibu: Ajali na gari la kukodi, mwenye gari anataka nilipe yote

Habari ndugu. Nimekuelewa: ulikodi Noah hapa Kigoma, ukagongana na bajaji njia ya Kasulu, sasa mwenye gari anadai ulipe kila kitu.

Usisaini chochote kwanza. Hakiki namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka inayosimamia bima Tanzania) uone kama ni bima kubwa, inayogusa hadi gari lenyewe, au ndogo. Ndogo inamhusu mtu wa tatu, yaani huyo wa bajaji. Bodi ya Noah haiigusi.

Halafu omba kuona cheti cha bima, sehemu ya matumizi: binafsi au kukodisha? Mimi hukodi mara kwa mara na hapo ndipo nimeona watu wakiumia. Gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, linakodishwa, na kampuni ikijua inaweza kugoma kulipa. Kama ni hivyo, mwambie mwenye gari wazi kwamba kukata bima sahihi lilikuwa jukumu lake.

Gari lisiguswe na fundi kabla ya ukaguzi wa polisi na wa kampuni ya bima. Aliyeumia awe na PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali. Hata bima kubwa huacha kiasi cha kujilipia. Mkataba wako sijauona, soma nani anakibeba.

Kampuni ikizungusha, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.