Vitafunwa vya Asubuhi Vinavyopikwa Kabla: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo hili tumekusanya barua zinazouliza jambo moja kwa namna mbalimbali: ni vitafunwa gani vyenye afya ambavyo familia inaweza kuvitayarisha nyumbani mapema, ili asubuhi za kazi na shule zisiwe za kukimbizana. Barua zote zimefupishwa.

Mpendwa Mshauri,
*Mimi na mume wangu tunatoka nyumbani kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na basi la shule huwapitia watoto wetu, wa miaka 9 na 6, saa kumi na moja na nusu. Kwa sasa wanakunywa chai ya maziwa kwa slesi za mkate mweupe zilizopakwa siagi, au kwa maandazi tuliyonunua jana yake. Nina jiko la gesi la plati mbili na friji ndogo yenye sehemu ya kugandishia, lakini sina oveni. Nafasi yangu ni Jumapili alasiri tu. Nianzie wapi?*
*Mama wa wawili, Kimara, Dar es Salaam*

Jumapili alasiri inatosha, mradi usijaribu kupika vitu sita kwa mara moja. Pika vitu viwili vya kugandisha, chemsha mayai, na matunda uyafuate kadiri msimu unavyokupa. Mkate mweupe na siagi humpa mtoto wanga na mafuta, lakini protini yake ni kidogo na nyuzinyuzi ni chache, kwa hiyo usishangae akirudi na malalamiko kwamba njaa ilimshika kabla ya mapumziko.

Anza na chapati za maji, ambazo kwa maoni yangu zimedharauliwa bure kwa sababu tu hazidai ufundi wa kusukuma. Kwa vikombe viwili vya unga wa atta, vunja mayai matatu, tia chumvi kidogo, karoti moja kubwa iliyokwaruzwa, kitunguu kilichokatwa vidogo sana na majani machache ya mchicha, kisha ongeza maziwa au maji huku ukikoroga mpaka mchanganyiko uwe wa kumiminika bila kuwa majimaji. Uache upumzike kwa dakika 20 kabla ya kuanza kupika, kwa kuwa pumba zilizomo katika atta hunywa maji polepole, na mchanganyiko ulioonekana mwepesi mwanzoni utakuwa umekaza na kuhitaji maji kidogo tena. Pika kwa kupaka mafuta kidogo kwenye kikaango, si kwa kuyamimina. Zikishapoa, zipange ukiweka karatasi isiyopitisha mafuta kati ya moja na nyingine, uzifunge vizuri, na uzigandishe. Asubuhi utatoa idadi unayoihitaji na kuiweka moja kwa moja kwenye kikaango cha moto kilichofunikwa, bila kusubiri iyeyuke, mpaka iwe moto kabisa hadi katikati.

Kitu cha pili kiwe maandazi, kwa sababu watoto wako wameshayazoea na si busara kuwanyang'anya kila wanachokipenda katika wiki moja. Kinachohitaji kubadilika ni kilichomo ndani yake. Kwa nusu kilo ya unga, tumia nusu atta na nusu unga mweupe, vijiko viwili tu vya chakula vya sukari, kijiko kimoja na nusu cha chai cha hamira, chumvi kidogo na hiliki ya kutosha, kisha ukande kwa tui la nazi la vuguvugu, ukilitia kidogo kidogo mpaka donge liwe laini kuliko lile la unga mweupe mtupu. Usiionee hiliki uchoyo, maana ndiyo inayoufanya ulimi udhani kwamba sukari ni nyingi. Wakati wa kukaanga, tumbukiza kwanza kipande kidogo cha unga: kikizama na kukawia chini, mafuta hayajapata moto, na maandazi yatakayoingia humo yatayanywa badala ya kuumuka.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hulifanya kinyume. Maandazi, chapati na mikate havifai kukaa katika sehemu ya kawaida ya friji. Wanga uliopikwa hujipanga upya unapopoa, na baridi ya friji isiyofikia kuganda ndiyo inayoharakisha jambo hilo, hivyo andazi la friji huwa gumu na kavu mapema kuliko lililobaki mezani ndani ya chombo chenye kifuniko. Kugandisha, kwa upande mwingine, husimamisha mabadiliko hayo karibu kabisa. Kwa hiyo maandazi ya Jumatatu yaache nje ndani ya chombo, na yale ya siku zinazofuata uyagandishe siku ileile, yakiwa yamepoa lakini hayajachakaa. Sehemu ya kugandishia ya friji ndogo aghalabu haifikii nyuzi 18 chini ya sifuri kama friza kamili, na hufunguliwa mara kwa mara, hivyo panga kuvimaliza vyote ndani ya wiki mbili.

Mayai ya kuchemsha yaache na maganda yake ndani ya friji, nayo yatafaa hadi wiki moja. Ukishalimenya, lile siku hiyohiyo. Mpe kila mtoto yai moja na chapati mbili za maji siku moja, na siku ya pili andazi, ndizi na glasi ya maziwa. Usiwe na wasiwasi wa kurudia, kwa sababu watoto wengi hupenda kujua wanachokwenda kukikuta mezani.

Mpendwa Mshauri,
*Huku kwetu hatuna friji, na hata majirani walio nayo husumbuliwa na umeme unaokatika. Kila ninaposoma ushauri wa kuandaa chakula mapema ninaona umeandikwa kwa ajili ya wenye friza. Je, sisi tuamke saa tisa usiku?*
*Baba mlezi, Morogoro vijijini*

Hapana, lakini lawama yako ni ya haki. Asiye na friji hawezi kutegemea chakula chenye majimaji kilichopikwa jana. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisiachwe katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa 2, kwa kuwa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 vijidudu huzaliana kwa kasi. Viazi vilivyochemshwa usiku na kufunikwa mpaka alfajiri vimekwisha kuvuka muda huo mara kadhaa. Kwako wewe, kuandaa mapema kuna maana ya kumaliza kazi zote isipokuwa moto.

Osha viazi vitamu usiku, na asubuhi uvikate vipande vidogo ili viive ndani ya robo saa. Mayai mabichi yaliyooshwa yanaweza kuingia katika sufuria ileile dakika kumi na mbili hivi kabla ya kuepua, na kwa moto mmoja ukapata wanga na protini wakati watoto wanaoga. Ukipata viazi lishe, vile vyenye nyama ya rangi ya chungwa, vichague hivyo, kwa sababu vina kiini ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kipande cha parachichi au karanga chache kando yake zitausaidia mwili kukinyonya, maana kinahitaji mafuta. Nasikitika kwamba viazi na magimbi yamefanywa chakula cha kuonea haya mbele ya wageni, huku mkate mweupe wa dukani ukiwekwa katikati ya meza.

Uji nao unafaa sana kutayarishwa usiku. Koroga unga wa ulezi kwa maji safi, ufunike, na uuache hadi asubuhi uanze kuchachuka. Kisha uumimine taratibu katika maji yanayochemka huku ukikoroga, na uuchemshe vizuri. Uchachu huo si kwa ajili ya ladha peke yake. Nafaka zina kemikali inayoshikilia madini ya chuma na zinki yasinyonywe na mwili, na kuchachusha huipunguza. Ulezi una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu katika kila gramu 100, kiwango ambacho unga wa mahindi haukikaribii hata kidogo.

Vitafunwa vikavu ndivyo akiba yako ya kweli: karanga zilizokaangwa, au zilizosagwa kuwa siagi ya karanga bila sukari, hukaa kwa wiki kadhaa ndani ya chupa kavu yenye mfuniko. Ila zichambue kwa makini kabla ya kuzikaanga. Zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupwe, wala wasipewe kuku, kwa sababu zinaweza kuwa na sumukuvu, na moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi. Sumu hiyo, iliyokuwa katika mahindi, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 vifo vyake vilifika Dodoma na Manyara. Na kama nyumbani kuna mtoto aliye chini ya miaka 5, mpe karanga zilizosagwa, si nzima, kwa kuwa zinaweza kumpalia.

Mwanangu Mshauri,
*Mkwe wangu hupika vitumbua Jumamosi, huvigandisha, halafu huwapa wajukuu wangu katikati ya wiki. Mimi nimevipika tangu usichana wangu na sijapata kuona kitumbua kikilala. Mweleze kwamba anawalisha watoto chakula kilichokufa.*
*Bibi, Tanga*

Shikamoo Bibi. Kwa upande wa ladha nakubaliana nawe bila kubishana: kitumbua kilichotoka motoni sasa hivi, chenye ukingo unaovunjika, hakina mbadala. Lakini kwa upande wa usalama, mkwe wako anafanya vizuri kuliko wengi wetu. Kuna kijidudu kinachopenda mchele, ambacho mbegu zake hustahimili moto wa kupikia. Chakula cha mchele kikiachwa nje kwa muda mrefu baada ya kupikwa, mbegu hizo huamka na kutengeneza sumu ambayo haitoki hata ukipasha moto tena. Kitumbua kilichokaa mezani tangu asubuhi mpaka usiku, kisha kikapashwa kesho yake, ndicho cha kuogopwa, kuliko kilichogandishwa saa moja baada ya kuepuliwa.

Msaidie, Bibi, kwa lile unalolijua kumzidi. Mfundishe kuvipasha kwa kuvirudisha ndani ya vishimo vya kikaango chake cha vitumbua na tone la mafuta, badala ya kuvitia katika chombo kilichofunikwa ambamo hulowa mvuke. Au siku ambayo hana haraka kubwa, asage mchele wake jioni, aweke mchanganyiko wenye hamira kidogo ndani ya friji uumuke polepole usiku kucha, na asubuhi wewe ndiye uwe wa kupika.

Mpendwa Mshauri,
*Binti yangu wa miaka 8 hataki kula saa kumi na moja alfajiri, kisha mapumziko hununua vitu vitamu. Nimeanza kumtengenezea vitafunwa vya kubeba na nimeacha sukari, natumia asali. Je, nimefanya sahihi?*
*Baba, Mombasa*

Kumpa cha kubeba ni sahihi, na usimlazimishe kula akiwa bado na usingizi. Glasi ya maziwa inatosha kwa saa hiyo. Kuhusu asali, mabadiliko ni madogo kuliko unavyodhani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unaihesabu asali pamoja na sukari ya kuongezwa, na unataka jumla yake isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayehitaji kalori zipatazo 1,600, hizo ni gramu 40, yaani vijiko kumi vya chai kwa siku nzima, na chai ya vijiko vitatu ikifuatwa na soda moja huweza kuvimaliza vyote.

Tende nzima ni jambo jingine, kwa sababu sukari yake imo ndani ya tunda na huja na nyuzinyuzi, na pwani hazikosekani. Ondoa kokwa, uziponde pamoja na karanga au korosho zilizokaangwa na kijiko cha nazi iliyokunwa na kukaushwa, kisha uviringe vidonge vidogo. Havihitaji kupikwa, na ndani ya friji hukaa wiki nzima. Viwili au vitatu vinamtosha, pamoja na yai au kipande cha chapati. Ulizia shuleni kama hakuna mtoto darasani mwake anayedhurika na karanga, kwa sababu watoto hugawana.

Mshauri,
*Watoto wangu hawali chochote asubuhi bila chai ya rangi. Ina madhara?*
*Msomaji, Arusha*

Chai hupunguza kiasi cha madini ya chuma ambacho mwili hunyonya kutoka kwenye nafaka, maharage na mboga za majani. Mpe mtoto chakula pamoja na chungwa au kipande cha papai, ambavyo vitamini C yake hufanya kazi kinyume na chai, na chai yenyewe isogezwe mbele kwa saa moja au zaidi.

Mpendwa Mshauri,
*Maandazi ya watoto huwa nayafunga kwenye gazeti ili linyonye mafuta. Mwalimu amenikataza. Kuna sababu?*
*Mama, Dodoma*

Ipo. Wino wa kuchapia haukutengenezwa kwa ajili ya kugusana na chakula, na mafuta ya moto huuhamisha kwa urahisi kutoka kwenye karatasi. Yachuje maandazi juu ya wavu au karatasi nyeupe ya jikoni, yaache yapoe kabisa ili mvuke usiyaloweshe, kisha uyafunge kwa kitambaa safi cha pamba au uyaweke kwenye kopo lenye mfuniko.