Barua kwa mwanangu: kicheko kimo humo humo zizini

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Nimefurahi mno kusikia kwamba wafugaji wenzako wamekuchagua uzungumze kwenye mkutano wao wa mwaka. Unaniuliza utawachekesha vipi kwa habari za mifugo, maana kila ukijaribu kuandika unajikuta umemfanya ng'ombe aongee kama mtu, na ukisoma tena hucheki hata wewe mwenyewe.

Tatizo liko hapo hapo kwenye kumwongelesha ng'ombe. Ukishampa maneno ya kusema, ng'ombe ameondoka na aliyebaki ni mtu mwenye pembe. Hao watakaokusikiliza wanaamka na mifugo na kulala na mifugo, kwa hiyo watajua mara moja kwamba hukumtazama. Eleza mnyama alifanya nini, kwa mpangilio ule ule alioufanya, halafu nyamaza. Kila mtu pale ukumbini ana shemeji au jirani mwenye tabia hiyo hiyo, na atamkumbuka bila wewe kumtaja.

Mfikirie jogoo aliyepata mdudu. Hammezi. Anamdonoa, anamwachia, anamdonoa tena, kichwa kinapanda na kushuka, na muda wote huo anatoa ule mlio wa haraka haraka mpaka mitetea waje mbio. Ni njia yake ya kutongoza, na waliochunguza tabia za kuku wameieleza vizuri. Wamegundua pia kwamba mara nyingine jogoo huita vivyo hivyo wakati chini hakuna chochote cha kuliwa. Sasa ukilisema hili mbele ya watu, usiliongezee chumvi. Sema: "Jogoo aliita. Mitetea wakaacha walichokuwa wanakula, wakaja mbio. Kufika, ni kijiti." Kisha kunywa maji. Ukianza kueleza kwamba hata wanaume fulani wako hivyo, umewanyang'anya watu kicheko chao, kwa sababu walikuwa wameshafika huko kabla yako.

Mambo ya vyeo nayo yana utajiri mkubwa. Mnorwe mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, ndiye aliyeeleza katika miaka ya 1920 kwamba kuku wana ngazi zao: huyu anamdonoa yule, yule anamdonoa wa chini yake, na wa mwisho hana wa kumdonoa. Alianza kuwatazama kuku akiwa mtoto, na ningependa ulitaje hilo, maana linaonyesha macho yaliyotulia yanaweza kuona nini. Halafu mwaka 2015 watafiti wa Japani wakaonyesha kwamba majogoo wanaoishi pamoja hawawiki ovyo alfajiri. Mkubwa wao huwika kwanza, anafuata wa pili, hivyo hivyo mpaka wa chini kabisa. Mkubwa akiondolewa, wa pili ndiye anayeanza. Fikiria umesimama mbele ya watu ambao wametoka kusikiliza orodha ndefu ya wageni wa heshima. Waeleze habari ya majogoo taratibu, mpaka yule wa mwisho awike, kisha useme, "Itifaki imezingatiwa." Sidhani utahitaji kingine chochote kwa dakika nzima.

Vitoto vya nguruwe nao wana kisa kizuri, ila uliza kwanza ni nani watakuwepo. Kama wapo wasiopenda kusikia habari za nguruwe, kiache kabisa, hotuba haitapungukiwa. Katika siku chache za mwanzo hao wadogo hupigania chuchu, na ugomvi ukiisha kila mmoja anakuwa na yake anayoirudia kila mara. Zinazogombaniwa zaidi ni zile za mbele, karibu na kichwa cha mama. Na maziwa hayatiririki muda wote: mama anapoyaachia hutoka kwa sekunde chache tu, mara nyingi hazifiki 30, basi, mpaka safari nyingine. Mtoto aliyechelewa anakuta mstari umejaa, anapanda juu ya migongo ya ndugu zake, anaanguka upande wa pili, anazunguka, na akipata pa kupenya muda umekwisha. Kila mkutano una watu wenye viti vyao. Wala usiliseme hilo.

Umegundua kwamba nakupa sababu ya kila jambo? Ni kwa makusudi. Mnyama hafanyi mzaha, ana shughuli yake anayoijali sana, na kicheko kinatokana na huko kujali. Ukiijua shughuli yenyewe huwezi kumdhihaki.

Kwa punda utaona ninachomaanisha. Watu wanasema punda ni mkaidi, na wana methali zao za mateke. Lakini farasi akishtuka hukimbia. Punda husimama, anatazama, na hatoki hapo mpaka ajiridhishe kwamba pako salama. Sasa chora picha: mtu mmoja mbele anavuta kamba, mwingine nyuma anasukuma, wote wawili wametoka jasho na wanagombezana, na punda katikati ametulia anachunguza kidimbwi cha maji kisichofika hata kwenye kwato. Watu watacheka sana, na watakuwa wanawacheka wale wawili. Ningependa hotuba yako yote iwe na mwelekeo huo. Mnyama aliye chini ya mkono wetu hawezi kujibu, kwa hiyo kicheko kimwangukie mwenye kamba.

Ndiyo maana nakusihi usiwaguse wale mbuzi wa Tennessee, Marekani, wanaokakamaa na kuanguka wakishtuliwa. Najua utashawishika, kwa sababu picha zao zimeenea sana. Hawazimii hata kidogo. Misuli yao hukaza na kuchelewa kulegea, ni hali ya kurithi, na muda wote huo mbuzi yuko macho anajua kinachoendelea. Kumshtua mnyama kwa kusudi ili watu wacheke, mimi siwezi kukuunga mkono. Hali kadhalika kuku anayekimbizwa ili achinjwe.

Beberu ni wewe uamue. Wakati wa kupandana anajikojolea ndevu na uso, na majike wanavutiwa na harufu hiyo kweli. Akinusa mkojo wa jike anainua kichwa na kukunja mdomo wa juu, anaipeleka harufu kwenye kiungo maalumu kilicho juu ya kaakaa ili ajue kama jike yuko tayari. Uso wake wakati huo una uzito wa hakimu anayesoma hukumu. Wafugaji watafurahi, lakini kama wazee wamekaa mstari wa mbele na wajukuu wao, ishia kwenye kukunja mdomo, ndevu ziache.

Usivichukue visa vyote hivi. Viwili vinatosha, kimoja kirefu na kimoja kifupi. Kabla hujaandika, nenda ukakae bandani wakati wa kulisha, uandike vitendo tu: aliruka, aligeuka, alirudi, alimsukuma mwenzake. Maneno kama "mjanja" au "mroho" yaondoe. Msikilizaji aliyeona vitendo atajua mwenyewe yupi ni mroho. Halafu usome kwa sauti, na mahali utakapocheka kabla ya wakati, ongea polepole zaidi, kwa sababu msemaji akicheka kwanza watu humtazama yeye badala ya kumwona jogoo.

Na kama utachagua habari ya majogoo, mwombe mwenye ratiba akuweke baada ya wageni wa heshima kutambulishwa. Ukiwatangulia wao, ile "itifaki" haitaeleweka.

Mama yako